KASHA LA KAMERA CHINI YA MAJI: TUANZE NA MAJI, BEI IJE MWISHO

Nchi yetu ya Uganda ni nchi ya maziwa na mito. Ziwa Victoria, Ziwa Albert, Ziwa Kyoga, Ziwa Edward na mto Nile ni njia za wasafiri na riziki ya wavuvi, na kwa bahati mbaya ni mahali pa ajali pia. Kwa sababu hiyo kazi ya askari haikomi ufukweni. Tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha yao. Waliozamia kuwatafuta ndugu zetu walikuwa wazamiaji wa polisi na wa jeshi. Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika ziwa hilo hilo karibu na kisiwa cha Ukara, nchini Tanzania, na watu zaidi ya 220 wakafa.

Ajali ya namna hiyo huacha maswali mengi nyuma yake. Je, mlango ulikuwa umefungwa au umefunguliwa? Maboya ya kujiokolea yalikuwa mahali pake? Usukani ulielekea upande gani? Mizigo ililala wapi? Kazi ya kwanza ni kuokoa uhai, na hapo hapana mjadala. Lakini uokoaji ukiisha, chombo hufungwa minyororo na kuvutwa juu, na papo hapo mizigo huhama, milango hufunguka, mbao huvunjika, na hali ya kwanza hairudi tena. Picha iliyopigwa kule chini kabla ya mnyororo wa kwanza kufungwa ni shahidi asiyesahau, wala asiyeweza kutishwa.

Basi leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu askari juu ya chombo kimoja ambacho wengi hukidharau mpaka siku kinapowaangusha: kasha la kuitia kamera ili iweze kushuka majini. Twazungumzia hasa kamera ya kidijitali yenye kioo cha ndani na lenzi ya kubadilishwa, ile ambayo wapiga picha wa polisi na wa magazeti wameitumia kwa miaka mingi. Kamera hiyo ni hodari katika nchi kavu, lakini matone machache ya maji yatosha kuiua. Neno letu ni moja: kasha huchaguliwa kwa kuangalia maji na kazi kwanza, na bei na jina la kampuni baadaye.

KASHA HALIKUANZA JANA

Kutia kamera ndani ya kasha ni fikra ya zamani. Mnamo mwaka 1893, mtaalamu wa viumbe wa Kifaransa aitwaye Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Kasha lake lilibuniwa na ndugu yake Auguste, aliyekuwa mhandisi. Lilikuwa zito, nalo liliunganishwa na puto la mpira lililojaa hewa, ili maji yakilibana puto, hewa iingie ndani ya kasha na kusukumana na nguvu ya maji ya nje. Tangu siku hiyo adui wa mpiga picha wa majini amekuwa yule yule: uzito wa maji.

Baadaye, mwaka 1963, kampuni ya Nikon ya Japani ilianza kuuza kamera iitwayo Nikonos, iliyotokana na kazi ya Mbelgiji Jean de Wouters akishirikiana na Jacques Cousteau. Kamera hiyo haikuhitaji kasha kwa kuwa mwili wake wenyewe uliziba maji. Mwaka 2001 kampuni iliacha kuitengeneza. Kamera za kidijitali zilipoenea, wazamiaji walirudi kwenye njia ya Boutan: kamera ya nchi kavu ndani, kasha nje.

KINA CHA MAJI

Swali la kwanza la mnunuzi ni hili: tutashuka kina gani? Kila mita 10 za kina huongeza mkandamizo wa kilo moja hivi juu ya kila sentimita moja ya mraba. Tuchukue kasha ambalo mgongo wake una upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 15. Mgongo huo una sentimita za mraba 300. Katika mita 30, maji huulemea kwa kiasi cha kilo 900, yaani magunia tisa ya kilo mia mia. Ndani yake mna hewa tupu na kamera, wala hamna cha kusukuma kutoka upande wa pili.

Hivyo kila kasha la haki huandikwa kina chake cha mwisho. Mengi ya plastiki ngumu hutengenezwa kwa mita 60, ingawa yako pia mepesi ya mita 15 tu. Ya alumini mara nyingi hufika mita 100. Mifuko laini ya plastiki, ambayo ni rahisi kuliko yote, ni ya maji mafupi. Chini zaidi hubanwa na maji hata vitufe visiweze kubonyezwa. Mfuko huo wafaa kwa askari aliye ndani ya mashua akiogopa mawimbi na mvua. Haufai kwa mzamiaji.

Ziwa Victoria halizidi sana mita 80 mahali penye kina kirefu kuliko pote, na Ziwa Kyoga ni fupi mno. Huenda mtu akasema basi kasha la mita 60 latosha kila mahali. Twamkumbusha ajali ya kivuko cha Likoni, Mombasa, ya tarehe 29 Septemba 2019, ambapo gari liliteleza kutoka kivukoni na kuzama na watu wawili ndani yake. Gari hilo lilionekana katika kina cha mita 58, na likatolewa tarehe 11 Oktoba. Kasha lenye mpaka wa mita 60 lingekuwa limebakiza mita mbili tu. Askari hapangi bunduki inayofika shabaha kwa taabu. Hupanga inayopita shabaha. Na kasha liwe vivyo hivyo. Aidha, kama kikosi hakina mzamiaji mwenye mafunzo ya kushuka zaidi ya mita 30, hakuna faida ya kulipia mita 100. Mpaka wa kasha ulinganishwe na mpaka wa mtu.

PLASTIKI AU ALUMINI

Kasha la plastiki ngumu lina sifa moja ambayo wenye fedha huisahau: huonyesha ndani. Mzamiaji aweza kuona kwa macho yake tone la kwanza likiingia, akapanda mapema kabla kamera haijafa. Bei yake ni nafuu, na matengenezo yake si magumu. Lakini ni kubwa, na kwa kuwa limejaa hewa nyingi hutaka kuelea, hata likahitaji kufungwa risasi za uzito. Ikelite ya Marekani, iliyoanzishwa katika miaka ya 1960, yajulikana sana kwa makasha ya aina hiyo.

Kasha la alumini ni dogo, gumu, na vitufe vyake huketi karibu na vidole. Huvumilia kugongwa na ngazi ya mashua. Nauticam ya Hong Kong, Subal ya Austria na Aquatica ya Kanada ni baadhi ya waliojipatia jina kwa kazi hiyo. Lakini alumini huliwa na chumvi isipotunzwa, na bei yake mara nyingi hupita bei ya kamera iliyomo ndani.

Kwa kikosi cha maziwani, ambako hakuna chumvi, twaona plastiki si aibu. Kwa kikosi kitakachotumwa mara kwa mara baharini, au kitakachofanya kazi katika mabaki ya chuma yenye ncha kali, alumini italipa gharama yake.

Jambo moja halina hiari: kila kasha hutengenezwa kwa aina moja ya kamera. Kitufe kikihama nusu sentimita katika toleo jipya, kasha la zamani halifai tena. Kwa hiyo kamera na kasha huchaguliwa pamoja kama bunduki na risasi zake. Asiyejua hununua kamera mwaka huu na kutafuta kasha mwaka ujao, akaambiwa kasha lake halitengenezwi tena.

DIRISHA NDILO JICHO

Mbele ya lenzi kuna dirisha, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Madirisha ni ya namna mbili: bapa na la kuba.

Nuru ipitapo kutoka majini kuingia katika hewa iliyo ndani ya kasha hupinda. Kwa hiyo dirisha bapa hufanya kitu kilicho mita 4 mbali kionekane kana kwamba kiko mita 3, na kikubwa zaidi kwa theluthi moja. Uwanja wa lenzi hupungua, na lenzi pana iliyotazama mashua nzima hutazama kipande tu. Lakini dirisha bapa ni zuri sana kwa picha za karibu: namba ya injini, fundo la kamba, ganda la risasi, mkwaruzo wa rangi.

Dirisha la kuba, lenye umbo la nusu ya mpira, huirudishia lenzi pana uwanja wake. Nalo lina masharti yake. Mbele ya kuba huzaliwa taswira iliyo karibu sana, na lenzi ndiyo taswira inayoitazama, wala si kitu chenyewe kilicho mbali. Kwa kuba lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, taswira ya kitu cha mbali hukaa sentimita 30 hivi tu mbele ya dirisha. Lenzi isiyoweza kuona wazi kwa umbali mfupi itatoa ukungu mtupu, hata ingekuwa ya thamani gani. Tena lenzi lazima ikae mahali pake hasa nyuma ya kuba. Ndiyo maana watengenezaji huuza vipande vya pete vya kurefusha na kufupisha, pamoja na jedwali la lenzi zinazokubaliana na kila kuba. Jedwali hilo lisomwe kabla ya fedha kutoka.

Kuba kubwa hutoa pembe safi za picha. Kuba dogo hupenya katika vyumba vya meli iliyozama na kusogea karibu na kitu. Kuba la kioo halichubuki upesi ila ni ghali. La plastiki huchubuka haraka, lakini michubuko yake yaweza kusuguliwa na kung'arishwa.

Usogeo huo wa karibu ndio siri ya kazi yetu. Katika sehemu nyingi za Ziwa Victoria mtu haoni mbali zaidi ya mita chache, na mahali pengine haoni mkono wake. Hakuna kasha lisafishalo maji. Liwezekanalo ni kupunguza maji yaliyo kati ya lenzi na kitu, na hilo hufanywa kwa lenzi pana na kuba dogo. Mahali palipo na giza la tope kabisa, wazamiaji wa upelelezi katika nchi nyingine hutumia mfuko au sanduku la plastiki angavu lililojaa maji safi, hulibana kati ya dirisha na kitu, na kupiga picha kupitia humo. Ni hila rahisi, lakini imewahi kusaidia pale vifaa vya fedha nyingi viliposhindwa.

Neno la tahadhari kwa wapelelezi: lenzi ya jicho la samaki hupendwa sana na wapiga picha wa majini, lakini hupinda mistari iliyonyooka. Mahali ambapo picha itatumika kupimia urefu au umbali, lenzi isiyopinda mistari ndiyo ya haki, na rula iwekwe kando ya kitu kinachopigwa.

NURU NA VITUFE

Maji hunyang'anya rangi. Katika maji angavu rangi nyekundu huanza kufifia ndani ya mita chache za kwanza, kisha ya machungwa, kisha manjano. Damu, kutu na rangi ya boya huonekana vyote kama kijivu au kijani. Kwa hiyo flashi ni lazima. Kasha lazima liwe na njia ya kuwasiliana na flashi ya nje, ama kwa waya wa umeme, ama kwa uzi wa nuru. Waya wa umeme huwa na tundu la ziada ambalo maji yaweza kupenyeza. Uzi wa nuru hauna hatari hiyo, ila kamera isiyo na flashi yake ya ndani itahitaji kifaa kidogo cha kuuamsha. Na flashi ziwekwe mbali pembeni kwa mikono mirefu. Zikikaa karibu na lenzi humulika kila chembe ya tope, na picha hutoka kama iliyopigwa wakati wa mvua ya mawe.

Kisha mnunuzi avae glovu za kuzamia pale pale dukani na kujaribu vitufe vyote. Aweza kubadili mwendo wa kufunga lenzi? Aweza kubadili wepesi wa kupokea nuru na kuitazama picha iliyokwisha kupigwa? Aweza kuona ndani ya kitundu cha kutazamia huku amevaa miwani ya kuzamia? Kuna makasha yanayokubali kitundu kilichokuzwa kwa kazi hiyo. Kitufe kisichofikiwa juu ya meza hakitafikiwa katika giza na baridi.

MPIRA MDOGO WENYE AMRI KUU

Sasa tumefika kwenye moyo wa jambo. Kinachotenga kamera na ziwa ni mpira mwembamba wa duara, ambao mafundi huuita oringi. Unywele mmoja, chembe moja ya mchanga au uzi wa kitambaa ukilala juu yake, maji hupata njia. La kushangaza ni kwamba kina kirefu huubana mpira huo na kuukaza zaidi. Kuvuja kwingi hutokea katika mita za kwanza kabisa, maji yanapokuwa hayajalemea. Mzamiaji mwerevu hushuka mita mbili au tatu, husimama, hulitazama kasha kama latoa mapovu, ndipo huendelea.

Oringi hutolewa kwa ncha isiyokwaruza, hufutwa, huchunguzwa kwa vidole, na kupakwa grisi kidogo sana. Grisi haizuii maji. Kazi yake ni kuufanya mpira uteleze na kukaa sawa. Ikizidi hukusanya uchafu. Tena grisi iwe ile iliyoagizwa na mtengenezaji wa kasha hilo, kwani grisi isiyopatana na mpira huuvimbisha. Oringi za akiba zinunuliwe siku ile ile ya kununua kasha.

Makasha mengi ya siku hizi yana king'ora cha unyevu, na mengine yana pampu ya kunyonya hewa. Kwa maoni yetu, mahali fedha inapobana, afadhali kupunguza ukubwa wa kuba kuliko kukosa pampu hiyo. Hewa hunyonywa kabla ya kwenda majini, na kasha huachwa dakika 20 au 30. Taa ikiendelea kuonyesha usalama, kasha limeziba; ikibadilika, kuna tundu, na limegunduliwa wakati kamera ingali kavu. King'ora cha unyevu hutangaza msiba, lakini pampu huuzuia. Kwa kuwa Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kipimo hicho kifanywe papo hapo kazini, wala kasha lisifungwe pwani na kuaminiwa huku. Lisafirishwapo kwa ndege, lifunguliwe au oringi yake kubwa iondolewe.

Na kabla kamera haijatiwa ndani kwa mara ya kwanza, kasha lishushwe tupu hadi kina kile cha kazi, na karatasi kavu ndani yake. Karatasi ikirudi kavu, kasha limefaulu mtihani. Duka lisiloruhusu mtihani huo, au lisilotoa dhamana ya maandishi, lisipewe fedha za umma.

JIPYA AU LILILOTUMIKA

Kwa miaka ya hivi karibuni makampuni makubwa, Canon na Nikon miongoni mwao, yameelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani. Kwa hiyo kamera za kioo pamoja na makasha yake huuzwa zikiwa zimetumika, kwa bei ndogo kuliko ya zamani. Hii ni nafasi nzuri kwa kikosi kisicho na fedha nyingi, kwani picha zake hazikupoteza ubora kwa sababu kamera mpya imezaliwa. Lakini mnunuzi aulize: oringi na vitufe vya kasha hili vitapatikana kwa miaka mingapi? Ikiwa hapana jibu, zinunuliwe kamera mbili za aina ile ile, ya pili iwe akiba, kwa maana kamera ikifa na nyingine kama hiyo isipatikane, kasha zima litabaki pambo la kabatini.

Hatimaye, kasha liwe na mtu wake. Kama bunduki ilivyo na jina la askari katika daftari la ghala, vivyo hivyo kasha liandikwe kwa jina la mmoja aliyefunzwa, ambaye peke yake hulifungua na kulifunga. Huyo atalifunga mahali pakavu ili umande usizibe dirisha, hataliacha juani ndani ya mashua, atarekebisha saa ya kamera na kuhakikisha betri imejaa kabla ya kufunga, na baada ya kazi ataliosha kwa maji baridi safi huku akibonyeza kila kitufe ili mchanga na chumvi vitoke. Mikono mingi hubeba mzigo mzito, lakini oringi moja hutaka mikono miwili tu.

Mtu aliyefiwa ziwani ana haki ya kujua ndugu yake alikufaje. Mahakama ina haki ya kuona kilichoonwa na mzamiaji. Haki hizo zote mbili zaweza kupotea kwa unywele mmoja juu ya mpira. Yafaa wakuu wanaoandika maombi ya vifaa wakumbuke hilo, na askari wanaokabidhiwa vifaa hivyo wakumbuke zaidi.